Mkanda wa jeshi umekauka, maumivu bado: nimwanzishie kabamazepini?

Tabibu_wa_Zahanati
Wakuu, nina mgonjwa, mama wa miaka 66. Mkanda wa jeshi ubavuni kulia ulikauka miezi minne iliyopita, ila ngozi inawaka moto, hata kanga ikimgusa anashtuka. Yuko kwenye TLD (kidonge cha VVU chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri). Diklofenaki na paracetamol hazijafua dafu. Amitriptilini 25 mg aliiacha siku ya tatu kwa usingizi na kizunguzungu. Stoo nina kabamazepini. Nimpe?

Mfamasia_Zamu
Usimpe. Kabamazepini inalichochea ini kuvunja dolutegraviri haraka, kiwango kinashuka na virusi vinapata mwanya. Ukilazimika kuzichanganya, inabidi aongezewe dolutegraviri 50 mg saa 12 baada ya TLD. Usumbufu wote huo kwa dawa inayosifika kwa maumivu ya neva ya uso, si haya! Na diklofenaki iondoe: haisaidii neva, na ikikutana na tenofoviri figo zinaumia.

Dkt_Neva
Amitriptilini haijashindwa, dozi ndiyo ilianzia juu. Tafuta ya 10 mg. Ukikosa, kata ya 25 nusu. Ameze saa 1 au saa 2 usiku, asingoje mpaka anapanda kitandani, vinginevyo ataamka amelewa na kuanguka akienda chooni. Ongeza 10 hadi 12.5 mg kila wiki kadiri anavyovumilia. Wengi hupata nafuu kabla ya kufika 75 mg. Kwanza muulize kuhusu moyo, presha ya macho na shida ya kukojoa. Kinywa kitakauka na choo kitakuwa kigumu, mwambie mapema. Mwambie pia kwamba hapa ni dawa ya neva, maana akisikia mtaani ni ya sonona ataitupa. Usiihukumu kabla ya wiki sita.

Mfamasia_Zamu
Ikigoma, gabapentini, dawa nyingine ya neva: 300 mg usiku, kisha mara mbili, kisha mara tatu kwa siku. Vitabu hupandisha kila siku, ila kwa umri huu mpe siku kadhaa kila hatua. Dozi inafuata figo, kwa hiyo kreatinini (kipimo cha damu cha figo) kwanza. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zitangulie kwa saa mbili. Asiikatishe ghafla. Tramadoli juu ya amitriptilini sipendi kabisa, degedege liko karibu.

Tabibu_wa_Zahanati
Sampuli ya kreatinini inakwenda hospitali ya wilaya. Nisubiri majibu? Na asikloviri, dawa ya virusi vya mkanda wa jeshi, je?

Dkt_Neva
Kama moyo hauna historia, anza nusu kidonge leo usiku. Asikloviri ni ya saa 72 za mwanzo wa vipele, sasa haina kazi. Kreatinini ikija juu kidogo, kumbuka dolutegraviri huipandisha bila kuumiza figo. Linganisha na ya kabla hajaanza TLD, kama ipo kwenye faili.