Skii kwa mara ya kwanza: buti, plau na lifti

Habarini ndugu. Tuko watu wazima watatu, hakuna aliyewahi kuvaa skii, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji. Tukodi nini, na tuanze vipi siku ya kwanza?

---

Ndugu, anzeni na buti. Skii zenyewe zinafuata. Saizi ya buti ni urefu wa unyayo kwa sentimita, kwa hiyo mkodishaji akiuliza tu namba ya viatu vya kawaida, mwombeni awapime. Soksi iwe moja, nyembamba, ya kufika chini ya goti. Soksi mbili hukunjana, hubana damu, na mguu huzidi kupoa. Suruali ya ndani isiingie ndani ya buti, maana ule mshono utakuchoma muundi siku nzima.

Ukishavaa, gonga kisigino chini mara mbili tatu kikae nyuma, kisha funga. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo tu. Ukikunja magoti na kuusukuma muundi kwenye ulimi wa buti, vidole virudi nyuma na kisigino kisinyanyuke. Kikinyanyuka, buti ni kubwa, hata kama unaisikia ya raha. Huko mlimani utaikaza mpaka mguu ufe ganzi, na skii bado haitakutii.

Skii za mwanagenzi zifike kati ya kidevu na pua. Fimbo igeuzeni juu chini, mshike chini ya kisahani chake: kiwiko kikikaa pembe mraba, urefu unafaa.

Kibano kinachoishika buti hupangwa na fundi kulingana na uzito, urefu, umri, urefu wa soli na kiwango chako. Tafadhali semeni kweli. Anayejiita mzoefu hukaziwa kibano, na kisipoachia anapoanguka, goti ndilo linaloumia. Anayejipunguzia kilo, skii humchomoka katikati ya kona.

---

Naongezea upande wa mafunzo. Chukueni mwalimu walau kwa saa chache za mwanzo, kwa sababu kosa kubwa la mwanagenzi yeye mwenyewe halioni: kuegemea nyuma. Ukiogopa, mwili unakimbia mteremko, uzito unahamia mikiani, ncha za skii zinakuwa nyepesi na usukani unapotea. Ndipo mwendo unapoongezeka, nawe unazidi kurudi nyuma. Dawa ni muundi kugusa ulimi wa buti muda wote, na mikono mbele mahali unapoiona bila kugeuza shingo.

Anzeni kwenye tambarare na skii moja, mkisukuma kwa mguu mwingine, kisha badilisheni. Kabla ya kukanyaga kibano, pangusa theluji iliyoganda chini ya soli; donge dogo tu linatosha kuzuia kisifunge. Ncha ya buti inatangulia, kisha unakandamiza kisigino mpaka usikie mlio.

Breki ya kwanza ni plau: ncha mbili zikaribiane kama upana wa ngumi, visigino visukumwe nje, skii zilalie makali ya ndani. Ukitaka kupunguza mwendo, panua mikia. Ncha zikipandana, mara nyingi umebana magoti pamoja na kuzilaza skii kupita kiasi. Kukata kona, kandamiza mguu wa nje: uzito kushoto, unaelekea kulia. Na kona imalizwe mpaka skii zikate mteremko. Wengi huiacha nusu, wakajikuta wanashuka moja kwa moja.

---

Asanteni sana. Na mtu akianguka, anainukaje?

---

Dada, ukiona huna budi, anguka ubavuni, upande wa juu wa mteremko. Usijikinge kwa kiganja, na usijaribu kusimama kabla hujaacha kuteleza. Kisha geuza skii zote mbili ziwe chini yako, zikiwa zimekata ule mwelekeo ambao mpira ungebingirika. Hapo ndipo wengi hukosea: skii zikielekea bondeni, ukiinuka tu zinaondoka nawe. Chomeka makali, sogeza nyonga juu ya miguu, sukuma kwa mkono. Ikishindikana, vua skii ya juu.

Lifti ya kisahani, ile inayokuvuta kwa kisahani unachokipitisha katikati ya mapaja, haikaliwi. Simama, iache ikuvute, skii zibaki sambamba. Ya viti, toa mikono kwenye kamba za fimbo kabla hujafika, begi la mgongoni lihamie kifuani, na ukishuka inua ncha, simama, ondoka mahali hapo upesi.

Angalieni rangi za njia. Bluu ya Ulaya ni njia rahisi. Bluu ya Amerika ya Kaskazini ni ya kati, na mwanagenzi hukaa kwenye kijani. Aliye mbele yako ana haki ya njia popote: wewe unayetoka juu ndiye wa kumkwepa. Msisimame penye wembamba wala mahali ambapo anayeshuka hawaoni.

Helmeti, ndiyo. Miwani na mafuta ya kukinga jua pia, hata mawingu yakitanda: theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua, na weusi wa ngozi hauyakingi macho. Jinzi ziacheni nyumbani, hunyonya maji. Na kabla hamjalipia chochote, someni bima ya safari: nyingi haziingizi michezo ya theluji mpaka uiombe, na kuteremshwa mlimani kwa helikopta ni gharama kubwa.