Tupeane uzoefu: Kuzunguka Kitulo kwa miguu maua yakiwa yamechanua

Wakuu habari zenu. Tuliowahi kutembezwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, msimu wa maua tukutane hapa. Hifadhi zetu zikitajwa watu wanawaza simba na tembo tu, wakati hii ilitangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea yake, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu.

Naanza mimi. Nilienda Februari. Tulipanda kutoka Chimala kwa zile kona 57 hadi Matamba, roho mkononi. Kule juu ni kama mita 2,600, ukungu na baridi ya kung'ata. Nusu saa ya kwanza niliona majani tu, nikaanza kuihurumia nauli yangu. Mwongozaji akasimama, akasema, "Chuchumaeni." Akashika shina moja kwa vidole viwili bila kulivunja, akageuza kiua cha waridi kidogo kuliko ukucha. Mgongoni kina vimkia viwili vinaning'inia kama hereni, na ndimo utamu wake ulimo. Ni okidi, lakini inaota ardhini. Kuanzia hapo tulitumia karibu saa mbili kwa mwendo wa dakika kumi na tano. Kila hatua ni kuangalia usikanyage.

Nani mwingine?

Kona ya 58: Mimi nilikosea msimu, mkuu. Nilienda Agosti, nyasi zimekauka, asubuhi jalidi nyeupe kila mahali. Ndege tandawala nilimwona anatembea kwa madaha, ila ua hata moja hakuna. Nendeni Desemba hadi Aprili, mvua ndiyo inayoyaleta. Na bebeni gambuti.

Mama Wawili: Nimezaliwa upande wa Makete. Tukiwa watoto, kabla hapajawa hifadhi, hayo maua tulikuwa tunayachimba. Wanunuzi walikuja na magunia, viazi vyake vinavushwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko. Ukichimba unakuta viwili: kimoja kimesinyaa, kingine kigumu kimejaa. Sisi tulichukua kile kigumu, ndicho chenye bei. Miaka mingi baadaye nimetembezwa na mwongozaji, ananieleza kwamba kilichosinyaa ndicho kilicholisha ua la mwaka huu, na kigumu ni cha ua la mwaka ujao. Nilishindwa kumjibu. Nilikuwa na binti yangu mdogo, ameshika mkono wangu huu huu niliokuwa nachimbia.

Mwanzisha uzi: Shikamoo mama. Asante kwa kutuambia hili. Sikujua kabisa habari ya viazi viwili.

Mpenda Ndege: Kwangu ni yale maua marefu ya rangi ya moto, kama mwenge umewashwa. Ndege chozi wa kijani anayeng'aa alitua juu yake, akaingiza mdomo kwenye kila kiua kwa zamu, toka chini kwenda juu. Tulikuwa sita, hakuna aliyekohoa. Mwombeni mwongozaji asiende haraka, ukweli ndio huo. Wengine wanakimbilia maporomoko.

Kona ya 58: Mama Wawili, shikamoo. Binti alisemaje?

Mama Wawili: Marahaba mwanangu. Aliniuliza kama yamerudi yote. Nikampeleka kwenye kale kabonde tulikokuwa tunachimba na dada zangu. Tulihesabu pamoja, tukapata mashina manne.