Naomba ushauri: wasichana wetu wa programu Tabora wanaandika vizuri, kueleza ndiyo shida

Habari za kazi, dada na kaka zangu. Kuna kikundi cha wasichana 6 wanaoandika programu za kompyuta hapa Tabora, tunakutana kila Jumamosi. Kuandika wanaweza. Lakini mtu akiulizwa kwa nini amechagua njia hii na si ile, sauti inashuka, anajibu huku macho yako kwenye kioo cha kompyuta.

Kwa sasa kila mmoja analeta badiliko dogo la programu yake kwenye Git (mfumo unaotunza kila toleo la programu), lisilozidi mistari 200. Likiwa refu mkaguzi huchoka, makosa yanapita. Mwenzake analikagua kwa sauti, mwenyewe analitetea. Kisha dakika 5 za kusimama na kueleza: tatizo, suluhisho, kilichoshindikana. Herufi zinazoonyeshwa ukutani zisipungue ukubwa wa 24, na onyesho lirekodiwe mapema, maana umeme ukikatika au bando likiisha katikati, anayeanza hupoteza ujasiri wote.

Mmoja sasa anafaa kuongoza wenzake. Nimwachie ukaguzi wote, au nikae pembeni yake mwezi mzima kwanza? Na wavulana walioomba kujiunga, tuwapokee sasa? Nahofia watashika mazungumzo yote. Mliowahi kulea viongozi wa kike kwenye fani hii, naombeni msaada wenu.