Mjadala: Ulinzi shirikishi wa kuchangishana Dodoma, unazuia uvamizi au unakula hela tu?

Mdau wa Nzuguni: Mbukwenyi wadau. Hoja iliyopo mezani: mitaa ya pembezoni mwa Jiji ichange Sh 3,000 kwa kaya kila mwezi, tuweke doria ya usiku dhidi ya hawa wanaovamia na mapanga. Naunga mkono. Sensa ya 2022 ilikuta Jiji lina watu 765,179, na kila kata ina mkaguzi wa polisi mmoja tu. Kaya 400 zinatoa 1,200,000, yaani walinzi 8 kwa 150,000 kila mmoja. Anayepinga aje na mbadala.

Korongoni: Hesabu tamu kwenye karatasi. Mwezi wa nne wachangiaji wanabaki nusu, mlinzi anapokea 75,000, mchana anabeba zege na usiku anasinzia kwenye pagala lile lile alilotakiwa kulikagua. Wa kwanza kuacha kuchanga ni wenye nyumba wanaoishi Dar. Halafu tangu treni ya SGR ianze 2024, Ijumaa jioni nyumba ngapi zinabaki giza, wenyewe wamesafiri? Vibaka wanaijua ratiba ya treni kuliko abiria. Tupewe kituo chenye gari na mafuta, basi.

Mtendaji Mstaafu: Kituo peke yake hakitoshi, ndugu yangu. Rio de Janeiro kule Brazili walianza kuweka polisi wa kudumu ndani ya mitaa ya mabanda mwaka 2008, wakaanzia Santa Marta. Mwanzoni hali ilitulia. Mwaka 2016 serikali ya jimbo ikatangaza kuishiwa fedha, na mpango ukazidi kufifia. Gari bila mafuta tunaijua hata hapa.

Wakili wa Makole: Mnabishana nani akamate, wakati kesi nyingi zinaharibika saa ya kwanza baada ya kukamata. Sheria inamruhusu raia kumkamata mhalifu, ila amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kinachofanyika mtaani: filimbi inalia, watu 40 wanatoka na rungu, panga linapita mikono kumi, simu iliyoibwa inarudishiwa mwenyewe pale pale. Mkifika kituoni mna mtu aliyevimba uso na hamna kielelezo hata kimoja. Akifa, mpelelezi anafungua jalada la mauaji, na watuhumiwa ni ninyi.

Panga lishikwe na mtu mmoja tu, lifungwe kwenye karatasi ya kaki. Nailoni inatunza unyevu na damu inaoza. Daftari liandikwe: saa, mahali, nani ameokota, nani amepokea, sahihi za wote. Simu isirudishwe mpaka polisi waandike hati ya kukamata mali. Majeruhi mahututi awahishwe hospitali, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, itafuata.

Utambuzi ndio unaoangusha watu zaidi. Tangu kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani ya 1980, mahakama inauliza umbali, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, ulimwangalia kwa muda gani, na kama ulimfahamu kabla. "Nilimwona kwa taa" haitoshi. Sema taa ya sola juu ya mlango, hatua nne, alivua kofia. Na kama unamjua, mtaje jina kwa mtu wa kwanza anayekuja kukusaidia. Ukilitaja wiki moja baadaye, wakili wa utetezi atashukuru.

Mdau wa Nzuguni: Mkuu, tunampeleka leo, kesho yupo kijiweni anatucheka. Wananchi wafanyeje?

Wakili wa Makole: Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Ukimwona kijiweni kesho, uliza shtaka lilisomekaje. Bila panga na bila hati, mara nyingi jalada linabaki na wizi wa kawaida, na huo una dhamana. Siwatetei polisi, rushwa ipo. Ila msiwape kisingizio cha bure.

Korongoni: Hapo nakubali nusu. Lakini walinzi wenyewe nani kawachuja? Unaweza kumlipa mtu anayewapelelezea majambazi bila kujua.

Mtendaji Mstaafu: Majina yapite kwenye mkutano wa mtaa, kisha mkaguzi wa kata achukue alama za vidole za kila mlinzi kabla mlinzi hajavaa koti la kuakisi. Doria watu wanne wanne, saa 5 usiku hadi 11 alfajiri, na njia ibadilishwe kila usiku. Tochi, filimbi, rungu. Panga na mkuki marufuku. Michango ipite benki, sahihi tatu, mapato na matumizi yabandikwe ubaoni.

Kuna tundu moja mmeliruka. Mlinzi ndiye shahidi, na wengi wao ni wapangaji. Kesi ikiahirishwa mara tano, yeye kashahamia Manyoni, samansi inarudi bila kupokelewa, na mtuhumiwa anaachiwa. Chukueni namba za ndugu zake wawili siku anayoajiriwa, na nauli ya shahidi itolewe kwenye ile 1,200,000 kabla hamjagawana mishahara.