Mihadhara maktabani: tuwaachie wanafunzi kimya chao, au tufungue milango?

Mkaazi wa Majengo (mwanzisha mada)

Nduzangu wa Mombasa, hebu tulijadili hili bila kufichana. Kuna wanaotaka maktaba za umma ziwe na mihadhara na madarasa ya wazi: wiki hii daktari azungumzie sukari na presha, wiki ijayo wakili aeleze hati za ardhi, siku nyengine mshairi. Na kuna wanaosema maktaba ni pahali pa kusoma, anayetaka kuhutubia akatafute ukumbi.

Mimi ni wa mihadhara, nalisema mapema. Mashairi ya Muyaka bin Haji tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu wa mji huu karne ya 19, na mmishenari Taylor akayahifadhi. Hati zenyewe ziko London. Vijana wangapi wa hapa wanajua hilo? Wangapi wamewahi kuona walau ukurasa mmoja wa Al-Islah, gazeti alilolitoa Sheikh Al-Amin Mazrui hapa hapa Mombasa mwaka 1932? Rafu haisemi. Lazima awepo mtu wa kukifungua kitabu mbele ya watu na kueleza, kisha aulizwe maswali mpaka atoke jasho. Mabarazani tunafanya hivyo kila usiku kwa kahawa tungu, ila pale anayeshinda ni mwenye sauti kubwa, na hakuna kitabu cha kumuumbua.

Mwanafunzi, Kisauni

Kaka, nyinyi mnaotaka mihadhara mna meza majumbani. Kwetu tuko sita vyumba viwili, runinga inawaka tangu alasiri, na feni ni ya mzee. Naenda maktaba na vitabu vyangu begini. Ninachofuata pale ni kiti, meza, taa na upepo. Muhula wa tatu, ukichelewa kidogo tu asubuhi, viti vimejaa, unasoma umesimama dirishani. Sasa mtu aje na maikrofoni saa mbili nzima, wanafunzi tuambiwe "sogeeni kidogo". Tusogee wapi? KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, haimngoji mshairi.

Mwalimu mstaafu, Tudor

Huyu mtoto ana haki, na jibu lake halipatikani kwa kumwambia avumilie. Tutazame jambo lilikotoka. Mombasa ilikuwa na maktaba na chumba cha kusomea bure, kwa jina la Seif bin Salim, tangu 1903, kabla ya McMillan ya Nairobi iliyofunguliwa 1931 na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Kusoma bure si fadhila ngeni kwetu.

Shirika la Huduma za Maktaba la taifa liliundwa kwa sheria ya 1965. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ikataja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hivyo kiti kikikosekana, msimlaumu mkutubi wala mshairi. Nendeni kwenye vikao vya umma vya bajeti, mwakilishi wa wadi akiwepo, mdai chumba cha pili. Huwa tunakwenda kudai taa za barabarani na mitaro, na ni sawa, lakini sijapata kumsikia mtu akisimama kudai maktaba. Hata sisi walimu.

Mama wa watoto watatu, Likoni

Mwalimu, shikamoo. Chumba cha pili tutakingoja sana, mimi nauliza ya leo. Mihadhara hupangwa saa kumi na moja jioni. Mimi nimalize kazi, nisikilize, kisha nikapange foleni ya feri usiku na mtoto mgongoni? Wekeni Jumamosi asubuhi na watoto wapewe kona yao. Na tafadhali, Kiswahili. Nilikwenda kwenye kikao cha afya, daktari akaanza vizuri, baadaye akatumbukia kwenye Kizungu chake, kina mama wote wakainamia simu. Nilitoka najua jina la ugonjwa, dawa yake sikuijua.

Kijana wa mashirika, Mwembe Tayari

Mnajadili viti na saa, mnaruka jambo lenyewe: watu hawaji bila nauli. Tumewazoesha. Semina ni hii: unaandika jina, nambari ya kitambulisho na simu, unatia sahihi, hotuba za makaribisho zinakula saa nzima, mada inapewa dakika ishirini, picha mbele ya bango, soda, bahasha. Mkiitisha mhadhara mkavu, mtakuwa nyinyi na mkutubi. Mimi siko kinyume, lakini mtalipa na nini?

Mkaazi wa Majengo

Nijibu kwa mkupuo. Nauli, hapana kabisa. Ikiingia bahasha, mtoa bahasha ndiye atakayechagua mada, na mwaka wa uchaguzi sote twajua atakuwa nani. Heri waje kumi na wawili waliotaka kuja. Mwanasiasa akaribishwe kama msikilizaji, akae nyuma.

Mama wa Likoni, Jumamosi asubuhi nimeikubali, japo kwa mwanafunzi wetu ndiyo saa mbaya zaidi. Kwa hivyo nasema hivi: mihadhara isiingie chumba cha kusomea. Ikae upande wa watoto au uani chini ya turubai, bila maikrofoni, kwani watu thelathini hawahitaji spika. Mzungumzaji aje na vitabu vilivyomo rafuni humo humo, avipange mezani, na asiyekuwa na hata kimoja aende barazani kwetu, kahawa nitamlipia. Na kuanzia muhula wa tatu mpaka mtihani uishe, hakuna mhadhara wowote. Mwalimu, la bajeti nalichukua, ila nahitaji watu wa kukaa nami kwenye kikao hicho, maana mtu mmoja hasikilizwi.

Mwanafunzi, Kisauni

Muhula wa tatu mmetuachia, shukran. Moko, ule mtihani wa majaribio, iko muhula wa pili. Hiyo je?

Mama wa watoto watatu, Likoni

Na mvua ya Mei, hapo uani?