Kwa nini Wamarekani hukataa treni na mabasi?

Muulizaji, Bweyogerere:
Jamani, jana nilikaa ndani ya taksi (matatu) kwenye foleni ya Jinja Road saa mbili nzima, magoti yamebanwa na kiti cha mbele. Dada yangu yuko Atlanta, anasema huko ukipanda basi watu wanakuona umeshindwa maisha. Nchi tajiri vile! Shida ni nini?

Jibu, Mbale:
Pole ndugu yangu. Niliishi Houston miaka sita. Mji wenyewe umejengwa kwa ajili ya gari. Sheria ya 1956 ilimwaga fedha kwenye barabara kuu, na mitaa mingi inaruhusu nyumba za familia moja tu, kila moja na uwanja wake. Nyumba zikitawanyika hivyo, basi la abiria litambeba nani? Kituo changu kilikuwa nguzo moja juani, bila benchi, na njia ya miguu iliishia kwenye majani. Katy Freeway, barabara kuu ya huko Houston, waliipanua, 2008 ikafikia njia 26 ukihesabu na zile za pembeni. Foleni ilirudi vilevile.

Jibu, Jinja:
Ongeza ubaguzi wa rangi. Jirani na Atlanta, kaunti ya Gwinnett ilikataa kwa kura kujiunga na MARTA, shirika la treni na mabasi la Atlanta, mwaka 1971, 1990, tena 2019. Mwanzoni wazungu wengi hawakutaka weusi wa mjini wawafikie. New York ni tofauti: wakili na mfagiaji wanapanda treni moja.

Muulizaji:
Asanteni sana. Inauma. Hapa Kampala kila anayepata hela ananunua gari, na mimi nilishaanza kuweka akiba ya langu.