Tukipoteza mpira, tukabe palepale au turudi?

Mdau wa Shangani: Habari za jioni wadau. Nina vijana wa U-17 hapa Mtwara. Tukipoteza mpira mbele, mmoja anamfuata mpinzani, inapigwa pasi moja tu ya katikati, mabeki wanabaki wawili kwa watatu. Nirekebishe wapi?

Kocha Mikindani: Shida hapo si mbio, ni umbali. Mpira unapopotea, angalau watatu wawe ndani ya mita 10 kutoka ulipo. Winga aliyeganda kwenye mstari wa upande wa pili hafiki hata akimbie vipi. Wa kwanza amwendee mwenye mpira kwa kuzunguka kidogo, mwili wake uzibe pasi ya katikati na kumsukumia mtu pembeni. Akibakiza hatua mbili apunguze mwendo na kukunja magoti. Akijirusha na teke, kapitwa. Wa pili na wa tatu wasiufuate mpira, washike watu walio jirani. Timu nyingi zinaharibu hapa: watatu kwenye mpira mmoja, halafu mtu yuko huru nyuma yao.

Mkabaji wa Lindi: Naongezea, mwalimu. Barcelona ya Guardiola ilijulikana kwa kuusaka mpira sekunde 5 hivi. Zikiisha bila kuupata, wote warudi nyuma ya mpira, maana kwa joto la pwani saa 10 jioni hakuna kijana atakayekimbiza dakika 90. Na si kila mara mkabe. Mpinzani akiwa amelipa mgongo goli lenu, au mpira umemkimbia mguuni, mvamieni. Akiwa ameinua kichwa na ana nafasi, rudini.

Mazoezi: mraba wa mita 20 kwa 20, 4 kwa 4, na wawili wasio na upande wanaocheza na wenye mpira. Hesabu kwa sauti hadi 5. Wakipokonya kabla, pointi 2. Dakika 2 kazi, 2 kupumzika, mara 5.

Hao wawili kwa watatu wanatokana na mabeki wa pembeni kupanda pamoja. Mimi hilo silikubali kabisa kwa vijana. Mmoja akipanda mwingine abaki, na kiungo mkabaji asimame mbele ya mabeki wa kati.

Mdau wa Shangani: Shukrani sana. Na kipa?

Kocha Mikindani: Mpira ukiwa nusu ya wapinzani, asogee hadi mstari wa 18. Akiganda golini, kila mpira mrefu nyuma ya mabeki ni wa mshambuliaji wao.